Kinda akipimwa, bahari inasema: siku moja Kisiwa cha Robben

Saa moja na nusu asubuhi jua bado halijatoka. Mwezi wa Julai huku Cape Town jua huchelewa, na mvua imenyesha usiku kucha. Nachukua daftari, mizani ya kutundika na glavu nene, maana mdomo wa pengwini hukata ngozi vibaya.

Saa mbili na nusu tuko vichakani. Kisiwa ni kilekile alichofungwa Mandela. Pengwini wa Afrika walikuwa wametoweka hapa, wakarudi kuzaliana mwaka 1983. Kila kiota tunachofuatilia kina namba. Mayai mawili, mzazi mmoja anaatamia, mwenziwe yuko baharini. Tunasogea kingine.

Saa nne naanza kupima makinda, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Namtia kinda kwenye mfuko wa kupimia, namtundika kwenye mizani, nasoma uzito. Kisha napima kichwa, kutoka kisogoni hadi ncha ya mdomo. Njaa ikibana, kichwa huendelea kukua ilhali mwili unakonda. Wa kwanza kashiba, ananitapikia mkononi dagaa waliosagika nusu, ngozi zao bado zinang'aa. Wa kiota cha jirani ana kichwa kikubwa na mwili mwepesi; ukimpapasa kidari unagusa mfupa. Wazazi wake wamekuwa wakitoka kapa.

Mzazi anayelisha haendi mbali, aghalabu kilomita 20 hivi. Kwa hiyo uzito wa kinda ni habari ya maji ya karibu, tena ya siku hizihizi. Hesabu ya ndege wakubwa huchelewa kusema, kwa kuwa pengwini huishi miaka mingi.

Baba yangu ni mvuvi wa Pangani. Akiona membe wanapiga mbizi, anajua dagaa wako wapi. Nilipomweleza kazi hii kwa simu alielewa papo hapo: "Kumbe mwanangu unatazama ndege kama sisi, ila wewe unawafuata hadi nyumbani kwao."

Saa saba tunakuta kiota kimejaa maji, mayai yamepoa. Naandika "mvua". Ukichanganya hasara za mvua, joto, shakwe wanaokula mayai na njaa, utawasingizia wavuvi, au utaficha upungufu wa samaki.

Saa kumi jioni wazazi wanaanza kurejea ufukweni, vikundi vikundi. Mwaka 2024 ndege hawa waliwekwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Jozi zinazozaa hazifiki 10,000. Machi 2025 mahakama ya Pretoria iliidhinisha makubaliano ya kufunga uvuvi wa kibiashara wa sadini na anchovi, samaki wadogo wanaoliwa na pengwini, kuzunguka makoloni 6 wanakozaliana ndege hawa, kwa miaka 10. Naunga mkono kwa moyo wote, ingawa sadini wenyewe walikwisha kuhamia mashariki na kupungua.

Saa moja usiku naingiza takwimu kwenye kompyuta. Makinda wa mwaka huu hawataanza kuzaa kabla ya miaka minne hivi. Atakayehesabu jozi mwakani na kusema zuio limeshindwa, nitamwonyesha kwanza safu ya uzito.