Mwenye ala nyingi za shaba aanze kukagua ndani ya bomba

Ukitaka kujua hali ya ala ya shaba, usianze na mdomo wake mpana unaong'aa. Chomoa slaidi kuu, kile kipande cha bomba kilichopinda kinachovutwa ili kulinganisha sauti, washa tochi, uchungulie ndani ya bomba la kwanza, lile linalopokea kidomo cha kupulizia. Huko ndiko ala nyingi hufia. Mpigaji mwenye tarumbeta moja huisikia ikibadilika siku hadi siku, lakini mwenye tarumbeta sita, tromboni tatu, eufoniumu (mfano wa tuba ndogo) na tuba hawezi kuzisikia zote kila wiki. Nyingine hukaa kwenye makasha miezi mitatu, minne, na kama zililazwa na unyevu wa pumzi ndani, zinaliwa huku nje zikipendeza vilevile.

Sababu yake imo kwenye madini yenyewe. Shaba ya kutengenezea matarumbeta ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Ile ya kawaida, ya njano, ina shaba nyekundu asilimia 70 na zinki 30; iitwayo ya dhahabu ina 85 kwa 15; na yenye wekundu zaidi ina 90 kwa 10. Mate, mabaki ya chakula na vinywaji vya sukari vikikaa ndani ya bomba hutengeneza asidi, na asidi huivuta zinki taratibu. Kinachobaki ni shaba nyekundu yenye vitundu kama sifongo. Kwa nje utaona vidoa vya waridi vyenye kiini cheusi katikati, hasa kwenye bomba la kwanza na kwenye kona ya slaidi kuu. Ukiviona, ujue ulaji umetoka ndani hadi nje. Hakuna dawa wala kung'arisha kunakoviondoa. Fundi anaweza kulehemu kiraka ili kuchelewesha tundu, ila tiba ya kweli ni kubadilisha bomba. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji hutumia shaba ya 90 kwa 10 kwenye bomba hilo, hata kama ala nzima ni ya njano: zinki ikiwa kidogo, cha kuliwa nacho ni kidogo.

Kwa hiyo ala iliyotumika kabla ya kununuliwa ikaguliwe kwa mpangilio huo, ndani kwanza. Baada ya bomba, pima vali, zile zinazobonyezwa kwa vidole kubadili noti. Kwenye vali za pistoni, yaani zenye silinda inayoshuka na kupanda ndani ya ganda, acha pistoni bila kuibonyeza, vuta slaidi ya vali hiyo polepole sentimita mbili hivi, subiri sekunde tatu au nne, kisha ichomoe kabisa. Ikitoa mlio wa "pop", hewa haikuvuja. Ikitoka kimya, ama pistoni imechakaa, ama slaidi imelegea kwenye mabomba yake. Tia mafuta mazito kiasi kwenye pistoni na grisi kwenye slaidi, urudie. Mlio ukirudi, uvujaji bado ni mdogo na ala ina maisha. Usiporudi, hesabu gharama ya kuchovya upya pistoni kwa nikeli na kuzisaga zikae sawa, kazi ambayo huweza kugharimu kuliko ala yenyewe. Kipimo hiki ni cha ukaguzi tu. Siku za kawaida, ukivuta slaidi bonyeza vali yake, kwa sababu mvuto ule hunyonya mafuta yaliyo ukutani mwa pistoni.

Mibonyeo isikutishe yote. Bonyeo kubwa kwenye mdomo mpana wa tuba halisumbui sauti sana, lakini bonyeo dogo karibu na kidomo, ambako bomba ni jembamba, hubana pumzi na kupotosha noti. Lililo baya kuliko yote ni bonyeo kwenye ganda la vali, hata kama halionekani vizuri kwa macho: pistoni itakwama kila ikifika hapo, na mtu asiye fundi akiisugua kwa msasa ataharibu kilichobaki.

Tromboni ina kipimo chake. Tenganisha sehemu ya slaidi na sehemu ya mdomo mpana, simamisha slaidi wima, ziba kwa viganja matundu yote mawili ya juu, kisha mwambie mwenzako aweke mikono chini na kuachia slaidi ya nje. Ikishuka pole pole, haivuji. Ukiachia matundu, ishuke yenyewe kwa uzito wake bila kukwaruza. Ikikwama mahali pamoja, kuna bonyeo. Ikisuasua njia nzima, miguu miwili ya slaidi, yaani mabomba yake marefu, haiko sambamba. Miguu ya ndani ina unene ulioongezwa kwenye sentimita chache za mwisho, na hapo tu ndipo panapogusa. Hapo pakichubuka, slaidi imekwisha. Tena, slaidi ya ndani na ya nje huoanishwa kiwandani. Mwenye tromboni mbili za aina moja asizichanganye wakati wa kuosha.

Wanaopenda ala za zamani wana mtego mwingine, nao hausikiki dukani ukipiga peke yako. Kabla ya makubaliano ya London mwaka 1939 yaliyoweka noti ya A, inayotumika kulinganisha ala, kwenye hezi 440, bendi nyingi zilipiga juu zaidi, karibu hezi 452, na bendi za shaba za Uingereza ziliendelea hivyo hadi miaka ya 1960. Ala za Marekani za mwanzoni mwa karne ya 20 mara nyingi zina alama ya herufi HP kwa sauti ya juu au LP kwa ya chini. Tarumbeta ya Bi-flati ina bomba la karibu mita 1.4. Kuishusha kutoka 452 hadi 440 kunataka karibu sentimita 4 zaidi za bomba, na kwa kuwa slaidi ina miguu miwili, unaivuta sentimita 2. Hilo linawezekana. Tuba ya mita 5.5 inataka sentimita 15, yaani kuvuta 7.5, na slaidi nyingi za tuba hazifiki huko. Hata zikifika, slaidi za vali nazo lazima zivutwe kwa uwiano uleule, la sivyo noti wazi, zisizobonyezewa vali, zitakuwa sawa na za vali zitakuwa juu. Ala kama hiyo inafaa kwa anayetaka kupiga na wenzake wa ala za enzi ileile. Kwa bendi ya leo, iache.

Sasa usafi, maana ndiyo kazi ya kudumu. Si suala la chuma peke yake: mwaka 2010 madaktari wa Marekani waliripoti habari za mpiga tromboni aliyekohoa miaka karibu 15, wakagundua kuwa ala yake ilikuwa imejaa ukungu na bakteria, na alipoanza kuisafisha akapata nafuu. Ala inayopigwa kila siku ioshwe mara moja kwa mwezi. Inayopigwa mara chache ioshwe kila inapoingia mapumzikoni, kabla ya kasha kufungwa.

Chomoa pistoni zote na uziweke mbali, zimepangwa kwa namba. Namba 1 ndiyo iliyo karibu na kidomo kwenye tarumbeta. Felti na vizibo vya koki visiloane, kwani vikivimba au kusinyaa pistoni hukaa juu au chini ya pale inapotakiwa na matundu yake hayaonani na mabomba. Chomoa slaidi zote. Tandika taulo ndani ya beseni, mimina maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kiasi cha kijiko, uilaze ala dakika 20 hadi 30. Maji ya moto hubandua vanishi, hasa ya zamani. Pitisha brashi ndefu ya kunyumbulika kwenye kila bomba, ukirudia bomba la kwanza mpaka maji yatoke meupe. Suuza kwa maji yanayotiririka, futa, acha ikauke usiku mzima ikiwa imefunguliwa. Siki na limau viache jikoni: ni asidi, na asidi ndiyo adui tuliyemtaja.

Eufoniumu na tuba zenye vali za kufidia, yaani zinazoongeza bomba kidogo ili noti za vali kadhaa pamoja zisipande juu, mfumo alioubuni David Blaikley mwaka 1874, zina vijibomba vya ziada nyuma ya vali. Vingi havichomoki, hivyo uchafu hukaa humo miaka. Humo maji yapite kwa nguvu ya bomba la maji, brashi haitoshi.

Vali za kuzunguka, kama za honi ya Kifaransa na tuba nyingi, usizifungue kama hujafundishwa. Zinatolewa kwa nyundo ya ngozi au mbao, na pigo moja la pembeni hupinda ekseli. Unachoweza kufanya mwenyewe ni kufungua kifuniko cha nyuma na kuangalia alama: kuna mikato kwenye ekseli inayopaswa kulingana na mkato wa bamba, vali ikiwa imeachiliwa na ikiwa imebonyezwa. Isipolingana, vizibo vya kuzuia mzunguko vimeliwa. Vikatwe vipya.

Kwenye mafuta, chagua aina moja kwa kila ala na usiichanganye. Ya madini na ya kutengenezwa maabara yakikutana huweza kugeuka utelezi mzito unaonata. Ukibadilisha, osha kwanza. Pistoni iliyochakaa ipate mafuta mazito kidogo, mpya ipate mepesi. Slaidi kuu ipate grisi ya kubana, slaidi ya vali ya tatu inayovutwa wakati wa kupiga ipate nyepesi. Mafuta ya kupikia hukauka na kuwa gundi.

Kidomo kikinasa, koleo lisiingie mkononi. Kukizungusha kwa nguvu hung'oa lehemu za nguzo zinazoshikilia mabomba na kusokota bomba la kwanza. Kuna kifaa maalumu cha kuvutia kidomo, kinachokaza pande mbili na kusukuma moja kwa moja. Mwenye ala nyingi awe nacho. Slaidi iliyonasa idondoshewe mafuta ya kupenyeza kwenye ungio, ikae hadi kesho, ivutwe kwa mkanda wa kitambaa uliopitishwa kwenye kona. Isipotoka, moto ni wa fundi.

Na vidomo vyenyewe vipangwe. Mkia wa kidomo cha tarumbeta, sehemu inayoingia kwenye bomba, si wa koneti, ndugu mfupi wa tarumbeta. Vya tromboni viko vya mkia mwembamba na vya mnene. Eufoniumu za zamani kadhaa zina wa katikati usioingia kwenye yoyote kati ya hiyo. Mkia mwembamba kwenye bomba pana utaingia mno na kucheza, mnene utaishia njiani, na ala itaonekana haifai kumbe kosa ni la milimita chache. Kidomo kilichochubuka fedha mpaka shaba ikaonekana kisikae midomoni, kichovywe upya.

Makasha ni sehemu ninayoona wakusanyaji wakiipuuza kuliko zote. Felti ya sufu, mipira ya kufungia na magazeti hutoa salfa, nayo huitia weusi fedha. Mbao za mwaloni hutoa mvuke wa asidi. Weka vipande vya kuzuia weusi na pakiti ya kunyonya unyevu, ambayo nayo hukaushwa au kubadilishwa. Tuba isisimame kwa mdomo wake mpana miezi mingi: ukingo hupinda kwa uzito. Kila miezi miwili fungua kasha, sogeza kila vali na kila slaidi, dondoshea mafuta, piga dakika kumi, kausha tena.

Kung'arisha kuna gharama. Ukuta wa mdomo mpana wa tarumbeta ni kama nusu milimita, na kila kusugua kwa dawa ya kung'arishia hupunguza fedha au shaba. Ala kuukuu ikipelekwa kupakwa vanishi upya, husagwa kwanza, na michoro ya mtengenezaji hufifia. Mimi ningeacha vanishi iliyochubuka ilivyo, nifute jasho kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga.

Mwisho, kila ala iwe na kadi: mtengenezaji, namba iliyochongwa, ambayo kwenye tarumbeta nyingi iko kwenye ganda la vali ya pili, kipenyo cha bomba kwa milimita, sauti yake, aina ya mafuta, kidomo kinachoiingia, tarehe ya kuoshwa, na picha za bomba la kwanza ili ukilinganisha mwakani ujue kama vidoa vimeongezeka. Namba hiyo ina kazi zaidi ya polisi na bima. Kwa tarumbeta za Vincent Bach, kwa mfano, ndiyo inayotenganisha zilizotengenezwa Mount Vernon, New York, na zile za baada ya kiwanda kuhamia Elkhart, Indiana, katikati ya miaka ya 1960, na bei zake hazifanani. Nakala ya kadi ikae nje ya kasha, kwani kasha likiibwa kadi huenda nalo.