Koki ya inchi moja na nusu

Agosti 2017, siku ya tisa tangu bomba la mtaani likauke, tulipakia madumu 25 ya lita 20 kwenye guta la pikipiki tukateremka kusini ya Moshi, kwenye tambarare ya chini ya mlima. Kando ya barabara ya vumbi kuna kisima kisicho na pampu wala kamba. Maji yanapanda yenyewe. Wataalamu hukiita kisima cha atesia, kwa jina la jimbo la Artois kule Ufaransa. Pale kijijini kinaitwa "kwa mzee", basi.

Wengi husema yale ni maji ya barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Si barafu, ni mvua ya msituni. Mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, kwenye mita elfu mbili na ushee, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mwamba wa volkano unayanywa. Yakifika chini yanabanwa na tabaka la udongo wa mfinyanzi lililoyafunika. Ukilitoboa, yanapanda kutafuta usawa wa kule yalikotoka.

Madumu tulikuwa tumeyaandaa jana yake. Yalikuwa ya mafuta ya kula. Dumu lililowahi kubeba dawa ya shamba halioshwi likawa la maji, hilo halina mjadala. Unatia maji ya moto, sabuni na konzi mbili za kokoto ndogo, unatikisa mpaka kokoto zikwangue utando wa mafuta pembeni na chini ya mkono wa dumu, mahali ambapo brashi haifiki. Unasuuza. Kisha kijiko cha chai cha jiki isiyo na manukato kwa lita moja ya maji, unatikisa nusu dakika ili iguse kila upande, unamwaga, unasuuza tena. Vifuniko vilivyolegea tuliviwekea kipande cha nailoni. Mifuko ya plastiki ilikuwa bado halali; marufuku ilikuja Juni 2019, na siku hizi watu hukata duara la tyubu ya baiskeli, ambalo kwa kweli linabana vizuri zaidi.

Foleni ya pale ni ya madumu: dumu lako likisimama, umesimama wewe. Wabeba kichwani kwanza, baiskeli zinafuata, maguta mwisho. Tulisubiri saa moja na nusu, tukapata muda wa kukitazama kisima vizuri. Bomba la chuma la inchi 6 linatoka ardhini, limepunguzwa hadi inchi moja na nusu, likawekewa kona. Mdomo uko sentimita 80 juu ya sakafu ya zege. Ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 35. Piga hesabu: lita 34 kwa dakika, karibu 49,000 kwa siku, usiku na mchana, mvua au kiangazi. Fundi mwashi mmoja alikuwa na mpira wake mwangavu wa kupimia usawa. Tuliufunga mdomoni kwa ukanda wa tyubu, tukauinua taratibu. Maji yalipanda ndani yake yakasimama mita 1.6 juu ya mdomo, yakitetemeka kidogo. Jumla mita 2.4 kutoka sakafuni, sawa na robo ya baa, kipimo cha shinikizo. Kwa hiyo yanaweza kujaza tangi fupi bila umeme, ila kila unapouinua mdomo, mtiririko unapungua. Ndiyo sababu mzee wa kisima amekataa miaka yote bomba lirefushwe.

Sasa, kwenye kona ile kulikuwa na koki mpya. Kijana mmoja wa kijijini alikuwa ameifunga wiki hiyo, akiona uchungu maji kwenda mtaroni bure. Mzee akiwa amekwenda kuswali, foleni ikiwa imetulia kidogo, tuliomsikiliza yule kijana tukamwunga mkono: akaizungusha hadi mwisho. Kimya. Kwa dakika kama ishirini tulijiona werevu.

Halafu zege likaanza kulowa pembeni ya bomba la inchi 6. Kwanza jasho tu, kisha kijimkondo chembamba cha kijivu. Fundi mwashi akachovya kidole, akasugua kwa gumba: mchanga. Maji masafi yakivuja ni hasara ndogo. Maji yenye mchanga yanakula ardhi iliyobeba sakafu. Kisima kile kilipochimbwa, nafasi kati ya bomba na udongo haikumiminwa uji wa saruji mpaka chini. Ukifunga juu, ile robo ya baa haiondoki, inatafuta njia nyingine.

Mzee alirudi, akaona, hakujibu hata shikamoo.

"Fungua. Polepole, nusu mzunguko, ngoja, nusu tena."

Ukifungua ghafla, maji yanavuta mchanga kutoka chini na kuchafuka siku nzima. Ilichukua robo saa. Mvujo ulikauka kabla ya zamu yetu, ukaacha shimo la kuingia ngumi. Mzee alifungua nati ya mpini wa koki, akautia mpini mfukoni.

Zamu ilipofika tulijaza madumu yakiwa humo humo kwenye guta, kwa mpira wa mita tatu, kila dumu dakika moja na ushee. Mgongo unapona, lakini ncha ya mpira isiguse chini; uchafu mwingi wa maji ya kuchota huanzia hapo. Jaza mpaka shingoni, maji yasiyumbe. Na kilo 500 zisirundikwe nyuma ya ekseli, la sivyo gurudumu la mbele linainuka kwenye kilima na usukani haushiki.

Maji yale yana harufu ya yai kwa mbali, inaisha ukiyaacha wazi saa chache. Yana chuma pia. Yanatoka meupe kabisa, asubuhi unakuta vumbi la kutu limetuama. Unamimina ya juu, ya chini unafulia, lakini si shuka nyeupe. Dumu moja tulilichemshia chai usiku ule ule bila kungoja chuma kituame. Ilitoka nyeusi kama wino.