Siku soli za wifi zilipoachia

Binti yangu ametoka stoo na boksi la buti za mlimani. "Mama, mbona hizi mpya kabisa? Nazivaa safari ya wiki ijayo." Ngozi inang'aa, meno ya soli bado makali, hata karatasi ya ndani ipo. Nikazipokea, nikakandamiza kidole gumba ubavuni, pale kwenye tabaka laini lililo kati ya ngozi na mpira wa chini. Akaniuliza natafuta nini. Nilimjibu kwa kifupi, lakini jibu lenyewe hasa ni la mwaka ule tulioshuka mlima na wifi.

Zile buti wifi alizichagua vizuri sana. Naanza na hilo kwa sababu kila anayesikia habari hii hukimbilia kusema alinunua ovyo. Alikwenda dukani jioni, miguu imeshavimba kwa shughuli za kutwa, na alikuwa na soksi zake za sufu za kupandia, si zile nyembamba za pamba zinazonyonya jasho na kubaki mbichi. Alipimwa miguu yote miwili akiwa amesimama, kwa kuwa unyayo hurefuka ukibeba uzito, akachagua kwa kufuata mguu uliozidi. Namba yake ya usichanani hakuitaja kabisa. Mimba hulegeza kano, tao la unyayo hushuka, na wanawake wengi baada ya kuzaa hubaki na mguu mrefu kidogo kuliko waliokuwa nao.

Akachomoa soli ya ndani, akaiweka sakafuni, akaikanyaga. Mbele ya kidole kilichotangulia palibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, na pembeni nyama ya mguu haikuzidi ukingo. Kipimo hiki nakiamini kuliko namba yoyote iliyopigwa chapa kwenye boksi.

Jozi ya kwanza aliyoletewa ilikuwa ya kiume, akairudisha. Kalibu ya buti za kike, yaani umbo ambalo kiatu huundiwa juu yake, kwa kawaida huwa na kisigino chembamba ukilinganisha na upana wa mbele, na shingo ya buti hukatwa chini kidogo, maana shavu la mguu la wanawake wengi huanzia chini zaidi na buti ndefu hulichuna. Si sheria ya wote. Mwenye kisigino kipana anaweza kustarehe ndani ya kiatu cha kiume. Kinachoamua ni kisigino chenyewe. Ukifunga kamba ukatembea, kikipanda na kushuka kwa kila hatua, malengelenge yako njiani, na hakuna soksi itakayoyazuia. Cha wifi kilitulia. Akapanda ubao wa mteremko pale dukani, akatazama chini, akapiga mguu kwa nguvu mara kadhaa, na vidole havikugusa mbele. Vingegusa, kucha zingekuwa nyeusi kabla ya kufika bondeni. Mwisho akakishika kiatu kwa mikono miwili, akakisokota kama anayekamua nguo. Kikakataa kusokoteka, na kilipokunjwa kilikunjika pale vidole vinapoanzia, si katikati ya tao.

Baada ya hapo akazitunza. Alizivaa mara chache tu, akazifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akazirudisha kwenye boksi. Zikakaa miaka.

Kupanda hakukuwa na neno. Tulifika, tukapumzika, tukageuka. Tukiwa kwenye kokoto za mteremko nikaanza kusikia nyuma yangu mlio, chwap, chwap, kama kandambili. Nikageuka. Soli ya mguu wa kulia wa wifi ilikuwa imeachia kisigino chote, inaning'inia kwa mbele tu, na kila anapoinua mguu inabaki nyuma kidogo kisha inamfuata.

Akakaa juu ya jiwe, nikauweka mguu wake mapajani. Mpira wa chini ulikuwa mzima kabisa, meno yote yapo. Ni mpira ambao wapanda milima wanauegemea tangu Mwitalia Vitale Bramani alipoubuni, baada ya wapandaji sita wa msafara wake kufa kwenye kilele cha Punta Rasica, milima ya Alps, mwaka 1935. Ngozi ya juu nayo ilikuwa nzima, mishono imekaza. Kilichokufa ni cha katikati. Nilipogusa lile tabaka la kijivu lilimeguka vidoleni, punje punje zenye unyevu, huku zikinata kidogo. Nikachimba kwa ukucha, ukucha ukazama. Kisigino ambacho juzi tu kilikuwa kinambeba mtu mzima na mzigo wake kikawa kinadondoka kwenye changarawe mbele ya macho yetu.

"Wifi yangu," akasema, "hizi nimezitunza kuliko macho yangu."

Na kweli alizitunza. Lile tabaka ni poliuretani, aina ya plastiki ya povu, ambayo hupendwa kwa sababu hunyonya vishindo na haibonyei upesi. Udhaifu wake ni unyevu. Mvuke wa maji ulio hewani hupenya taratibu na kukata viungo vya kikemia vinavyoishikilia, na joto huharakisha kazi hiyo. Kiatu hakihitaji kuloa wala kutembea ili hilo litokee. Ndani ya plastiki iliyofungwa unyevu hukosa pa kutokea, kwa hiyo mfuko ule aliodhani unazilinda ndio uliozimaliza. Watengenezaji wenyewe hushauri buti zivaliwe mara kwa mara na zihifadhiwe mahali pakavu penye hewa. Hata hivyo, baada ya miaka kati ya 5 na 10 hazifai kuaminiwa mbali na barabara bila kukaguliwa. Nyufa ndogo ubavuni, mikunjo isiyorudi ukikandamiza, ukingo wa soli unaoinuka kwa ukucha: yoyote kati ya hizo inatosha kuziacha nyumbani.

Tulikuwa na kamba za akiba. Nikaipitisha moja chini ya tao, ndani ya mfereji ulio kati ya meno, ambako mawe hayaikati, nikaivusha juu ya mguu, nikaizungusha kisiginoni na kuifunga ubavuni, kwa sababu fundo likikaa juu ya mguu huumiza na likikaa chini husagika. Mbele nikazungusha utepe mpana wa gundi. Mguu wa kushoto ulikuwa bado umeshika, ila tuliufunga vilevile, na kabla ya kufika kwenye miti nao ukaachia ndani ya kamba zake. Tuliteremka kwa hatua fupi, wifi akikanyaga kwa unyayo mzima na kuegemea fimbo, tukisimama kila mara kukaza. Giza lilitukuta njiani, lakini tulifika.

Alipovua soksi hakuwa na lengelenge hata moja, na kucha zake zote zilikuwa salama.

Hapo ndipo mimi na wifi tulipoachana mawazo. Yeye alinunua buti za ngozi nzima yenye mishono michache, ukingo wa soli umeshonwa kuzunguka, za kubadilishwa soli na fundi zikichakaa. Anasema hatavaa tena kitu kinachooza kabatini. Lakini ni nzito, zilitaka wiki kadhaa za kuvaliwa nyumbani ndipo zilainike, na kilo moja miguuni huchosha takriban mara 5 ya kilo hiyohiyo mgongoni. Mimi nimebaki na nyepesi zenye soli ya kati ya EVA, povu jingine la plastiki, jepesi zaidi. Hiyo haimegwi na unyevu, ila hubonyea na kupoteza uhai, na kwa kuwa zimegandishwa kwa gundi, soli ikiisha kiatu kizima kimeisha. Anachokiita uharibifu mimi nakiita nafuu ya magoti. Tunavaa namba moja, kwa hiyo nimeshazijaribu za kwake. Nikimsikiliza akizieleza namkubali. Nikitembea nazo saa moja namkatalia.