Jinsi Nilivyopanga Ratiba ya Vijana wa Kanisa kwa Kufuata Mwezi

Nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa vijana wa usharika wetu, ulio ufukweni mwa Ziwa Victoria kaskazini mwa Ilemela, Mwanza, mwanzoni mwa mwaka 2022, na mwaka wangu wote wa kwanza niliongoza vibaya kwa sababu nilitii ushauri wa mtu ambaye, nina hakika, hajawahi kulala hata usiku mmoja mwaloni, yaani pale ufukweni wavuvi wanapopandisha mitumbwi na kushusha samaki. Alikuwa mkufunzi wa semina ya viongozi iliyofanyika mjini. Alitufundisha kwamba kiongozi bora huweka siku moja na saa moja, haibadilishi kwa ajili ya mtu yeyote, humtoza faini anayekosa kikao, na humfuta anayekosa mara tatu mfululizo. Niliyaandika yote, nikarudi nyumbani nikayatekeleza.

Nikapanga vikao kila Jumamosi saa 9 alasiri. Faini ikawa shilingi 500. Hadi kufika Oktoba nilikuwa nimefuta majina 11 katika daftari, na kati ya hao alikuwamo kijana ambaye peke yake ndiye aliyejua kupiga kinanda chetu. Niliamini kwamba ninalisafisha kundi libaki na wenye nia.

Kilichofuata ni igizo la Krismasi. Tulianza mazoezi Novemba, akina mama wakashona mavazi, na mchungaji akalitangaza igizo madhabahuni Jumapili tatu. Usiku wa mkesha kanisa lilijaa hadi watu wakasimama nje, na mimi nikawa nyuma ya pazia nikihesabu. Mariamu alikuwapo. Yusufu hakuwapo. Kati ya wachungaji saba wa kondoo walifika wawili, na Mamajusi wote watatu hawakuonekana. Nilipofungua mlango wa nyuma ili nichungulie njiani, niliona ziwa limejaa taa za wavuvi wa dagaa, zimejipanga kama mtaa wa mji, na hapo nikajua Yusufu wangu yuko wapi. Mchungaji alisoma Luka sura ya pili badala ya igizo, tukaimba, watu wakaondoka kwa utulivu, lakini mimi sikulala. Katika kikao cha kwanza cha Januari niliwakaripia wale vijana mbele ya wenzao kwamba wamempenda dagaa kuliko Bwana. Neno hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu lilikuwa la uongo, nami nilikuja kuwaomba radhi mmoja mmoja.

Pasaka ya mwaka 2023 iliangukia Aprili 9. Sikuwa nimeandaa kitu chochote kwa ajili ya vijana, kwa maana nilikuwa nimekata tamaa, lakini ibada ya alfajiri walikuja wote, hata niliowafuta, wakiwa wameoga na kupiga pasi. Wazee wa kanisa walisema mahubiri ya Kwaresima yamewagusa. Mimi niliuliza swali jingine, na nikalipeleka kwa mama mmoja anayeanika dagaa jirani na kanisa, ambaye wanawe wawili walikuwa kwenye daftari langu. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, wewe unahesabu Jumamosi. Hawa wanahesabu mwezi. Sasa hivi ni mbalamwezi, watakwenda wapi?"

Mtu wa pwani ya ziwa hili atashangaa kwamba sikulijua jambo hilo, lakini mimi nimekulia Nyakato kwa baba fundi cherehani, na uvuvi niliuona sokoni tu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa majini, zamani karabai na sasa mara nyingi taa za sola au betri, dagaa wakaufuata mwanga, wavu ukawazunguka. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wa taa hauna nguvu ya kuwavuta, kwa hiyo kwa siku kumi hivi kila mwezi mitumbwi hupumzika, nyavu hushonwa, na katika mwalo wetu ndipo tajiri wa mtumbwi anapokaa na vijana wake kufanya hesabu ya giza lililopita. Kijana anayekosa usiku mmoja wakati wa giza hupoteza zaidi ya pato la usiku ule, kwa sababu tajiri humtafuta mwingine wa kushika kasia lake. Mabinti nao wamefungwa na giza hilohilo, maana dagaa wakishushwa alfajiri lazima waanikwe, wageuzwe, na mvua ikitishia waokolewe kabla hawajaoza.

Nilichukua daftari la mahudhurio la mwaka mzima na kalenda ya ukutani yenye alama za mwezi, nikaviweka pamoja mezani. Kila safu ya watoro ilikuwa giza. Krismasi ya 2022, mwezi ulikuwa umeandama Desemba 23, yaani nilipanga igizo kwenye giza lenyewe hasa. Na Pasaka haiwezi kuangukia katikati ya giza hata siku moja, kwa kuwa huadhimishwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21.

Hoja hiyo ya Pasaka ndiyo iliyoniokoa katika baraza la wazee. Nilipoomba kubadilisha ratiba, mzee mmoja ninayemheshimu kama baba yangu alisema, "Mwenyekiti, kanisa haliwezi kufuata mwezi kama waganga." Nikamjibu, "Baba, kanisa linafuata mwezi tangu Mtaguso wa Nikea, ule mkutano wa maaskofu wa mwaka 325. Bila mwezi hatungejua Pasaka ni lini." Mchungaji akacheka kwa furaha, akaeleza jambo hilo vizuri kuliko nilivyoweza mimi, na ombi likapita. Sijivunii mambo mengi katika utumishi wangu, lakini jibu lile ninajivunia.

Tangu hapo mambo makubwa yote, yaani vikao, semina, mazoezi ya kwaya na michezo, tunayaweka katika siku za mbalamwezi. Kwa kuwa mwezi mmoja wa angani ni siku 29 na nusu, tarehe husogea kila mara, hivyo ratiba huandikwa ya miezi mitatu na kubandikwa mlangoni mwa kanisa na mwaloni. Wakati wa giza hatuwaiti kanisani, tunawafuata. Saa 11 jioni, kabla mitumbwi haijasukumwa, tunasoma andiko moja, tunaomba, tunaimba wimbo mmoja, na haizidi dakika 20. Faini niliifuta siku hiyohiyo, na majina 11 yakarudi.

Kila nafasi ya uongozi tuliipa watu wawili, mmoja mwenye kazi ya nchi kavu na mmoja wa majini, wakitumia daftari moja, ili katibu akihamia kambi ya visiwani kwa giza zima mwenzake asianze kuulizana na watu tulikubaliana nini. Michango nayo huombwa baada ya hesabu za matajiri. Safari yetu ya kwenda Nansio, Ukerewe, ambayo kwa nauli na chakula iligharimu kama laki nane na ushee, ilichangwa kwa mbalamwezi mbili tu, wakati hapo awali tulikuwa tukihangaika mwaka mzima bila kufikisha nusu. Katika safari hiyo jambo ambalo sikukubali kulilegeza ni orodha ya majina, iliyoandikwa mara mbili, moja ikabaki kwa mchungaji. Baada ya kivuko cha MV Nyerere kuzama karibu na Ukara Septemba 20, 2018, mzazi wa ufukweni akikukabidhi mtoto wake uvuke naye ziwa, amekukabidhi kila kitu.

Wanafunzi bado ni mtihani kwangu, maana wao hufuata mihula na mitihani ya taifa, na kijana wa kidato cha nne hawezi kuambiwa habari za mwezi ifikapo Novemba. Hao tunakutana nao Jumapili baada ya ibada, na ninakiri kwamba hawajapata malezi wanayostahili.

Krismasi ya mwaka 2024 nayo ilielekea giza. Safari hii tuliliweka igizo Jumapili ya Desemba 15, siku mwezi ulipokuwa mpevu. Yule mzee aliuliza kama inafaa kumwonyesha Mtoto Yesu katika majilio, yaani majuma ya kuingojea Krismasi, mchungaji akasema inafaa, na mzee akaja akaketi kiti cha mbele. Yusufu alifika saa nzima kabla ya wakati. Mamajusi waliingia watatu, na kinanda kilipigwa na kijana niliyewahi kumfuta. Mwaka 2026 mwezi utakuwa mpevu Desemba 24, na igizo tumeshaliandika kwenye ratiba, usiku wenyewe wa mkesha.