Jinsi Nilivyoacha Kukakamaa Uso Mbele ya Kamera

Kwa miaka mingi kila picha niliyopigwa ilinionyesha kama mtu anayeumwa jino. Katika zile za harusi ya dada yangu nilikuwa nimekakamaa kiasi kwamba mama aliniuliza kwa upole iwapo kuna mtu aliyeniudhi siku ile.

Nilisimama mbele ya kioo nikiwa nimeweka vidole kwenye pembe za taya, chini kidogo ya masikio, ndipo nilipogundua kwamba kila nilipojiandaa kutabasamu meno yalibanana, msuli wa taya ukavimba kama gololi, na pumzi nikaizuia bila kujua. Daktari Mfaransa Guillaume Duchenne alikwisha kueleza mwaka 1862 kwamba tabasamu la furaha huukaza pia msuli unaozunguka jicho, ambao si rahisi kuuamrisha, basi si ajabu kwamba agizo la "tabasamu!" halikunisaidia kamwe.

Siku hizi, kamera inapoinuliwa, mimi huachanisha meno kidogo huku midomo ikiwa imefumba, hulaza ulimi, hushusha mabega na kutazama pembeni, kisha hutoa pumzi polepole puani na kuigeukia kamera kabla pumzi haijaisha. Humwomba mpiga picha asihesabu moja, mbili, tatu, kwa kuwa hesabu hiyo ndiyo inayonirudisha kubana taya.

Nilifanya mazoezi kwa simu kila jioni kwa wiki mbili hivi. Picha ya kitambulisho bado inanishinda, lakini ile ya Idi iliyopita mama ameiomba nakala.