Tokeni zinaisha mbio: nilivyoifuata taa ya mita hadi ngazini

Tokeni za stima zikianza kuisha upesi, kwanza tenganisha pesa na yuniti. Hapa Mombasa utamsikia mtu akisema, "Zamani mia tano ilinifikisha wiki, sasa hata siku nne hainifikishi," na lawama yote anaibebesha mita. Lakini shilingi 500 za leo si lazima zikupe yuniti zile zile za mwezi uliopita. Ndani ya bei mna gharama ya mafuta ya kuzalisha umeme, ambayo hupanda na kushuka, mna marekebisho ya fedha za kigeni, na kuna VAT ya asilimia 16. Tena bei ya stima ya nyumbani ina madaraja: kuna wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, kuna wa kutoka 30 hadi 100, na kuna wanaopita 100. Kinachoangaliwa ni wastani wa miezi 3, na kila ukipanda daraja yuniti moja inakuwa ghali zaidi.

Kwa hivyo nilirudi nyuma kwenye simu, nikazisoma jumbe zote za tokeni, nikaandika daftarini yuniti tu. Shilingi niliziacha. Ndipo nilipojua kuwa letu halikuwa jambo la bei peke yake. Nyumba iliyokuwa ikila kama yuniti 3 kwa siku ilikuwa sasa inakaribia 5, bila kununua chombo kipya wala kupata mgeni. Kwa mwezi hiyo ni kutoka 90 hadi 150. Tulikuwa tumevuka mstari wa 100, na bei ya kila yuniti ikatupandia juu ya hayo. Tuliumia mara mbili kwa kosa moja ambalo hatukulijua.

Tunakaa Mji wa Kale, nyumba ya mawe ya ghorofa moja. Sisi tuko juu. Chini anakaa mama mmoja wa makamo anayeuza malai, ukwaju na barafu, na ana freza mbili kwa ajili ya biashara yake. Kila upande una mita yake, na mita zote mbili zimepachikwa dakani, mlango mkuu unapoingilia.

Kila mtu nyumbani alikuwa na mshukiwa wake. Mume wangu alisema ni feni, kwa kuwa ilikuwa msimu wa kaskazi na feni hazilali. Niliipigia hesabu: feni ya dari ya wati 75 ikizunguka saa 10 usiku kucha inakula yuniti 0.75. Hiyo si ndogo, lakini kaskazi huja kila mwaka na mwaka uliotangulia haikutufanya hivi. Mavyaa alisema ni friji, na hapo alikuwa na haki kidogo. Nilibana noti kwenye mlango wa friji nikaivuta, ikatoka bila kushikwa hata chembe. Mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa upande wa chini, na friji isiyofunga vizuri katika joto la huku haipumziki. Tulibadilisha mpira. Yuniti zilipungua kidogo sana, zikabaki pale pale juu. Majirani wa kichochoroni nao walikuwa na jibu moja tu: mita mbovu, hizi mita zinakimbia.

Nilipiga simu kampuni ya stima. Wakaja, wakapima, wakasema mita ni nzima, wakaondoka. Nilikasirika, kwa sababu aliyekuja kwa tatizo la yuniti kupotea hakuuliza zinapotelea wapi. Nikaamua nitapima mwenyewe, kwa kitu ambacho kila mita ya tokeni inacho: ile taa ndogo nyekundu inayomulika.

Karibu na taa hiyo pana maandishi madogo. Yetu imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake ikimulika mara 1000 imehesabu yuniti moja. Mita nyingine zimeandikwa 1600 au 3200, kwa hivyo soma yako kwanza. Kwa ya 1000 hesabu ni nyepesi: hesabu sekunde kutoka mmuliko mmoja hadi mwingine, kisha gawanya 3600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati zinazopita wakati huo. Ikimulika kila baada ya sekunde 36, ni wati 100. Ikimulika kila sekunde 3.6, ni wati 1000.

Jaribio la kwanza lilikuwa la birika la umeme lililoandikwa wati 2000. Nilizima vyote vingine, nikalijaza maji, na kijana wangu akasimama dakani akiirekodi taa kwa simu kwa dakika moja. Birika la wati 2000 lingepaswa kuleta mimuliko 33 hivi kwa dakika. Tulipoihesabu kwenye video ilikuwa pungufu kidogo tu ya hapo, na kupungua huko ni kawaida jioni, stima ikiwa chini ya volti 240. Yaani mita ilihesabu sawasawa. Wale wa kampuni walisema kweli.

La pili ndilo lililonikosesha usingizi. Watoto walipolala, nilichomoa kila kitu, nikashusha breka zote moja moja, nikaiacha swichi kuu tu ikiwa juu. Nyumba giza tupu. Nikashuka dakani na tochi. Taa ya mita ikamulika. Nikangoja, ikamulika tena, kila baada ya sekunde 30 hivi. Hiyo ni wati 120, ndani ya nyumba isiyo na chombo hata kimoja kinachofanya kazi! Ingekwenda hivyo kutwa kucha, ni karibu yuniti 3 zinazotoweka. Nilipopanda na kuzima swichi kuu, taa ikanyamaza. Nilipoiwasha, ikaanza tena.

Kuna mambo mawili ambayo jaribio hilo liliyaondoa papo hapo. Kama mtu angekuwa amechomeka waya wa wizi kati ya mita na swichi yetu, taa ingeendelea kumulika hata swichi kuu ikiwa chini. Na kama ni waya uliovuja ndani ya ukuta kwa unyevu na chumvi ya bahari, jambo ambalo katika nyumba hizi za mawe ya matumbawe ni la kuogopwa kweli, basi kushusha breka kungeukata. Breka zimeshuka, waya mwekundu, ule unaoleta stima, hauna pa kwenda, na bado kuna kinachohesabiwa.

Nilikuwa nimesimama hapo dakani, mlango wa jirani upo ubavuni mwangu, taa ikakaa kimya ghafla. Nikasubiri sana. Mara nikasikia freza yake ikinguruma kuanza kazi, na papo hapo taa ya mita yetu ikamulika. Nikaisikiliza mpaka freza ikazima tena. Taa nayo ikatulia.

Asubuhi yake nilimbishia hodi. "Sabalkheri, mamangu. Nina ombi la ajabu. Naomba uwashe pasi yako dakika mbili, nami nitazame mita yangu."

Alinitazama kwa muda. "Mwanangu," akasema, "hata mimi tokeni zangu zinaniisha, nami nimekuwa nikiwafikiria nyinyi. Nimeona aibu kusema."

Aliiwasha pasi. Breka zetu zote zilikuwa chini, na taa yetu ikaanza kwenda mbio. Tukaangaliana.

Fundi tuliyemleta ana leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA, na nilisisitiza hilo kwa sababu sikutaka mtu wa kubahatisha. Alitoa mita yenye mdomo kama koleo, inayobana waya kwa nje bila kuukata. Akabana waya mwekundu unaoingia kwetu: sifuri. Akabana mweusi: ampea 0.8, na breka zote ziko chini. Akaniita nione kwa macho yangu.

Maelezo yake ndiyo yaliyofungua kila kitu. Stima huja kwa waya mwekundu na kurudi kwa mweusi, na ndani ya nyumba moja zinapaswa kulingana. Mita nyingi za tokeni hupima waya zote mbili na kuhesabu ule wenye stima zaidi, ili asiyetaka kulipa asiweze kuihadaa mita kwa kurudishia stima mahali pengine. Sasa, mahali fulani ndani ya nyumba yetu waya mweusi wa juu na mweusi wa chini ulikuwa umeunganishwa. Stima ya freza za chini ilikuwa ikija kwa waya mwekundu wa jirani na mita yake ikiihesabu yote, lakini katika kurudi iligawanyika: nusu kwake, nusu kwetu. Mita yetu ilipoona waya mweusi una stima na mwekundu hauna, ikaihesabu ile ya mweusi. Stima moja, malipo mara mbili. Na sisi tulipowasha vitu vikubwa naye akiwa kimya, kinyume chake kikatokea kwake. Ndiyo sababu birika lilihesabiwa sawa: wakati huo waya wetu mwekundu ulikuwa na stima nyingi kuliko mweusi, na mita ikaufuata huo.

"Mna taa ya ngazini?" akauliza. Tunayo. Inawaka kwa swichi ya chini na ya juu.

Kabla ya kugusa chochote alizima swichi kuu za pande zote mbili, na alinieleza kwa nini. Waya nyeusi zikishikana hivyo, unaweza kuzima kwako ukadhani uko salama, kumbe waya huo bado umeunganishwa na nyumba ya mwenzako. Akakifungua kisanduku cha plastiki kilicho juu ya kona ya ngazi, chini ya rangi ya chokaa. Ndani mlikuwa na waya tatu nyeusi zilizosokotwa kwa mkono: mmoja kutoka juu, mmoja kutoka chini, mmoja wa taa yenyewe. Tepu ilikuwa imelainika na kunata, na shaba imeshika kutu ya kijani kwa chumvi. Ngazi hiyo ilifanyiwa marekebisho mwaka uliopita, na aliyefunga swichi mbili alichukua waya mweusi uliokuwa karibu, kisha akauunganisha na wa pili ili taa isimsumbue.

Alizitenganisha, akaipa taa ya ngazini waya zake mbili kutoka upande wetu peke yake, akafunga viunganishi vipya vya skrubu. Breka zikashushwa tena, freza za chini zikiwa zinanguruma. Tulikaa dakani mimi, jirani na fundi tukiitazama taa ya mita yetu. Haikumulika.

Mwenye nyumba alikubali tukate pesa za fundi kwenye kodi, na kila upande ukatoa risiti yake. Kuhusu yuniti zilizokwisha kulipwa, fundi aliniambia wazi kuwa waya za baada ya mita ni za mteja, na mita ilihesabu kilichopita ndani yake, kwa hivyo sikwenda kudai. Daftari linaonyesha tumerudi kwenye yuniti 3 na kidogo kwa siku. Bei haikushuka mara moja, kwa kuwa ule wastani wa miezi 3 bado ulikuwa umebeba ile miezi mibaya. Kwa muda huo jirani naye ameanza kuandika yuniti zake, na jioni huniletea karatasi tulinganishe.