Kopo la Kadutu

Ukitaka kujua kati ya Goma na Bukavu, miji miwili ya mashariki mwa Kongo, wapi maisha ni ghali, usianze na bei, anza na kopo wanalopimia nafaka sokoni. Hilo nililijua kabla ya kupanda boti, na bado Kadutu, soko la Bukavu, walinipata.

Safari ya Ziwa Kivu, kutoka kwetu Goma, naipita haraka: usiku mzima kwenye benchi, tiketi kwa dola, na noti yenye mpasuko wa ukubwa wa ukucha inarudishwa. Ukilipa kwa franka, wanakupigia kiwango chao, si kile cha wabadilisha pesa wa barabarani.

Kadutu, kopo la maharage lilitajwa bei ya chini kuliko Goma. Ajabu hiyo, maana maharage ya Rutshuru na Masisi, mashamba ya upande wa Goma, hufika kwetu kwanza. Nikachukua makopo matano. Mzani wa kuning'iniza ulipoonyesha pungufu, nikaligeuza kopo: kitako kimegongwa kwa nyundo, kimeingia ndani kama kofia.

"Papa, kopo ni kopo," mama muuzaji akasema, wala hakukasirika. Akaongeza konzi moja ya matabishi, yaani nyongeza ya bure.

Hesabu ni hii. Lita moja ya maharage makavu ina karibu gramu 800. Kitako kikimeza mililita 150, kila kopo limepoteza gramu 120. Makopo matano, gramu 600. Konzi ile haikufika hata robo yake. Dawa ni kubeba kopo lako, ulilolipima nyumbani kwa chupa ya maji ya nusu lita, umwombe muuzaji amimine la kwake humo. Kwa unga hata hivyo haitoshi, kwa kuwa kopo likitikiswa unga unashuka na kubeba zaidi. Unga ni wa mzani tu. Maharage nayo uyang'ate kwanza. Yakibonyea badala ya kupasuka, unalipia maji.

Makala, yaani mkaa wa kupikia, yalinisumbua zaidi. Mifuko ya miji hii miwili hailingani, juu imejengewa kilemba cha majani, chini ni vumbi, na makala yaliyonyeshewa huwa mazito bila kuwa mengi. Ya mti mgumu hudumu jikoni. Ya mikaratusi huwaka upesi yakaisha. Kwa hiyo nalinganisha gharama ya kuivisha sufuria moja ya maharage, si bei ya mfuko. Bukavu siku mbili hazikutosha kuimaliza hesabu hiyo.

Kodi ya nyumba ndiyo hudanganya watu kabisa. Bukavu utaonyeshwa chumba cha bei nafuu mlimani, kisha kila bidoni (dumu) ya maji ya lita 20 na kila mfuko wa unga hupanda mgongoni mwa mtu anayelipwa. Tena uulize maji ya mvua yanapita wapi, kwa sababu udongo ule huteleza na kuondoka na ukuta. Kwetu Goma ni tambarare, chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, inafika mlangoni, lakini mji umekaa juu ya mawe ya volkano. Mwenye kiwanja anayechimba shimo la choo halipi siku za jembe, analipa siku za patasi na nyundo, na futi ya tatu huwa ghali kuliko ya kwanza. Ndiyo maana nyumba nyingi za mbao zinazopangishwa kwa bei ya chini hutumia choo kimoja kwa familia nne.

Maharage ya Kadutu, lakini, yaliiva upesi.